Nani Alikutuma Ufumue Mshono Wangu?

Kazi nimestaafu, hasira sijastaafu. Basi nyie wanangu mnaokuja kwangu hapa Saint-Gilles, huku kwa Wabelgiji, kila Jumamosi na vitambaa vyenu kwenye mifuko ya supamaketi, leo nawajibu mara moja, msiniulize tena. Mnataka kujua kwa nini ule mfarishi kwenye kochi umepakwa chaki mgongoni. Kaeni. Na wewe usimsukume Kaimati, huyo paka ndiye mwenye kochi, wewe ni mgeni.

Mfarishi ni nini, kwa wale waliozaliwa huku: ni tandiko la viraka. Juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kizima, halafu unapiga bandi, ule mshono wa mkono, safu kwa safu mpaka tabaka zote tatu zishikane. Kwetu Tanga bibi zetu walishona hivyo kwa kanga kuukuu. Mimi huu niliushona kwa mabaki ya mapazia, maana mapazia ndiyo yaliyonilisha. Miaka kumi na minne nilikaa kwenye karakana moja mtaa wa Forest, kiti cha pili kutoka dirishani, nikishona mapazia ya majumba ambayo sikuwahi kuingia. Bosi tulimwita Patron. Kiti cha kwanza alikaa Maman Véro, Mkongo wa Likasi, mikono ya dhahabu na mdomo usiofungwa. Rafiki yangu huyo. Na ndiye aliyenitenda.

Lakini tuanze na mkono.

Ilikuwa baridi ile inayogandisha mpaka mate. Gari la kupeleka mizigo lilikuwa limeegeshwa nje, na mimi nikatoka mlangoni na jora la mahameli begani, rangi ya divai, la mteja mwenye makuu. Hatua ya tatu, barafu. Sasa sikilizeni kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya. Mtu wa kawaida akiteleza anaachia alichobeba. Mimi nikainua jora juu! Nilifundishwa tangu binti kwamba kitambaa cha mteja hakigusi chini, basi nikaenda chini mimi, mkono wa kulia ukawa chini yangu, na mahameli ikabaki juu, safi kabisa. Nikasikia kifundo cha mkono kinalia kah!

Patron akatoka mbio. Mnajua aliuliza nini? Nimelala pale kwenye barafu, mkono umegeuka upande usio wake, ananiinamia, anasema, "Mahameli imechafuka?"

Mwee! Miaka imepita mingi, nikilikumbuka neno hilo chai yangu inapoa mkononi. Maman Véro ndiye aliyevua koti lake akanifunika, akamgeukia Patron: "Patron, ile ni muntu njo imeanguka, hapana kitambaa!" Kwa hilo namshukuru mpaka kesho. Kwa yale ya baadaye, hapana.

Nikafungwa plasta, hogo zima kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko, nikaambiwa nikae nyumbani. Kukaa! Mtu aliyeshona tangu ana miaka kumi na tano, unamwambia akae anaangalia ukuta. Siku tano za kwanza niligombana na redio. Siku ya sita nikachukua mfuko wa mabaki chini ya kitanda.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna siku na ninyi mtabaki na mkono mmoja, Mungu apishe mbali. Mkono mmoja unaweza kupitisha sindano. Hiyo si kazi. Kazi ni kukishika kitambaa kisikimbie. Nilijaribu kukikandamiza kwa goti, kwa kitabu cha simu, kwa chungu cha maharage. Kinakimbia tu. Aliyenitatulia ni huyu Kaimati. Nilikuwa nimerithishwa paka wawili na bibi mmoja Mbelgiji wa ghorofa ya chini alipohamia kwenye nyumba ya wazee. Mmoja mnene, mweupe, mlegevu, nikamwita Kaimati. Mwingine mweusi, ana roho ya kwa nini, nikamwita Shubiri. Kaimati akapanda mezani akajilaza katikati ya mfarishi kama aliyelipia. Nikataka kumfukuza, halafu nikaona: kitambaa kimetulia. Kilo sita za paka zimekishika kuliko mkono wowote. Basi nikawa nashona kumzunguka. Nikimaliza upande mmoja namvuta na kitambaa chote, yeye hata jicho hafungui.

Shubiri alikuwa msaidizi wa shetani. Anasubiri nimalize kutunga uzi, jambo ambalo kwa mkono wa kushoto lilinichukua muda wa kuchemsha wali, halafu anauvuta. Siku moja nimemkuta uzi unaning'inia mdomoni na sindano iko mwishoni mwake. Nikamkamata, nikautoa. Uzi ukishaingia tumboni mwa paka unamkata matumbo, na hapo umemuua kwa uvivu wako. Kuanzia siku hiyo sindano ikiwa haiko mkononi iko ndani ya kopo lenye mfuniko, na ninyi mnaocheka hapo, kopo lenu liko wapi? Nimeona sindano tatu kwenye zulia tangu mwingie.

Kitambaa cha chini nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja tu, bitana ile nzito ya mapazia ya chumbani, iliyopakwa kitu kama mpira upande mmoja ili mwanga usipite. Mwanzoni niliona haya, tandiko gani lina mgongo wa mpira? Lakini manyoya ya paka hayashiki pale, unapangusa mara moja yameondoka. Ubaya wake ni kwamba sindano inakwama. Mkono mgonjwa hauna nguvu ya kuivuta. Kata kidole cha glovu ya kuoshea vyombo, kivae kwenye kidole cha shahada, uone sindano itakavyotoka. Kastabini ya kusukuma, kidole cha glovu cha kuvuta. Hilo sikufundishwa na mtu, nililipata kwa machozi.

Na ubaya wa pili wa bitana hiyo, ambao kila fundi wa mapazia anaujua: haisahau. Kitambaa cha kawaida ukikosea unafumua, unanyunyiza maji, unapiga pasi, matundu yanajifunga. Bitana ya mpira ukishaitoboa umeitoboa. Kwenye karakana aliyefumua bitana hiyo alisemwa mpaka jioni, kwa sababu kipande kizima kimeharibika. Wekeni hilo kichwani, tutalirudia.

Safu ya kwanza niliishona kwa mkono wa kushoto, hogo likiwa limelala mezani kando ya Kaimati. Ilikuwa mbaya. Sisemi kwa unyenyekevu, ilikuwa mbaya! Mishono mirefu kama kidole gumba, inapanda inashuka, kama mtoto wa chekechea. Nilitaka kuifumua pale pale. Nikamkumbuka Bi Zuhura.

Bi Zuhura ndiye aliyenifundisha cherehani Tanga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupenya ukuta. Kwake kulikuwa na desturi moja: mshono wako wa kwanza haufumuliwi. Anakata kile kipande, anakitundika ukutani kwa pini na jina lako, kinakaa hapo mpaka siku unayohitimu. Siku hiyo anakishusha, anakiweka kando ya gauni ulilolishona juzi, anasema, "Haya, nani amefanya kazi hapa? Mimi au wewe?" Wasichana wengine walilia. Mimi nililia.

Kwa hiyo safu ya kwanza nikaiacha. Nikashona ya pili. Kila wiki safu moja, na mwisho wa kila safu nikafunga fundo la uzi mwekundu niihesabu. Safu sita za kwanza ni za hogo na kushoto. Hogo likakatwa, mkono ukatoka mwembamba, mkavu, si wangu. Kuanzia ya saba nikahamia kulia, ikaharibika upya, zile tatu za mwanzo za kulia mtu angedhani zimeshonwa na Shubiri. Halafu pole pole mishono ikaanza kufupika. Binti wa mazoezi ya mkono hospitalini, huku wanamwita kine, alikuwa anapima kifundo changu kwa kijirula chake na kuandika. Siku moja nikampelekea mfarishi. Akaweka kijirula chini. Akasema, "Mama, hii ndiyo rekodi. Usiipoteze."

Ningejua!

Ilipofika safu ya ishirini hivi, simu ya Patron ikaja. Sauti tamu, ile ya mtu anayekuuzia kitu. "Mama, umefanya kazi vya kutosha. Pumzika. Mkono kama huo haurudi kwenye mashine." Nilikuwa na miaka hamsini na tatu! Nani alimwambia nimechoka? Kumbe alikuwa ameshaandika barua. Nilitakiwa nimwone daktari wa kazi, yule anayeamua kama mfanyakazi anafaa kurudi au hafai. Akiandika hafai, kiti changu kimekwenda, mkataba umekwisha kihalali kabisa, na hakuna mtu aliyekosa. Na Maman Véro alikuwa ameniambia kwamba kwenye kiti changu wameshaweka maboksi.

Maboksi, jamani. Kwenye kiti changu.

Sikutaka kiti kile kwa sababu sina pengine pa kukaa. Nilikitaka kwa sababu nilivunjika nikiokoa mahameli yao, na sasa wananipungia mkono kama abiria aliyeshuka tramu. Nikaapa nitakwenda kwa daktari huyo na mfarishi wangu. Sitasema mengi, Kifaransa changu ni cha karakana, najua kusema pindo na mkasi na matusi mawili. Nitautandaza mezani: tazama wiki ya kwanza, tazama wiki ya sita, tazama wiki iliyopita. Mkono wenyewe ujisemee.

Kilichobaki kilikuwa mkanda wa pembeni, na pale tabaka zilikuwa nene mno kwa mkono. Maman Véro akasema, "Leta, dada, minaipitisha na machine ya atelier saa ya pause, Patron hataona." Atelier ndiyo karakana, pause ndiyo mapumziko, basi nikampa. Nilimpa kwa mikono yangu miwili! Mkanda tu, nikamwambia. Mkanda wa pembeni tu.

Akaurudisha siku moja kabla ya miadi. Anaingia anacheka, amebeba na mikate ya zabibu. Nikautandaza mezani, Kaimati akapanda kama kawaida yake. Nikapitisha mkono kwenye safu ya kwanza. Imenyooka. Ya pili imenyooka. Ya tatu, ya nne, mishono midogo ya mashine, mizuri, imepangwa kama meno ya bandia. Safu kumi za mwanzo zote zimenyooka. Mafundo mekundu hayapo.

"Véro," nikasema. "Umefanya nini?"

"Ah bon, umeona?" anafurahi! "Ile ma-lignes, misitari ya mbele, ilikuwa yote ya kupinda-pinda. Miye nikasema, non, hii haiwezi kufika kwa docteur. Atasema huyu mama hajue kazi. Donc nimefumua, nimeshona tena muzuri. Siku mbili sikukula chakula ya midi, juu yako."

"Nani alikutuma?"

"Pardon?"

"Nani alikutuma ufumue mshono wangu?"

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba amenifutia wiki kumi za maisha yangu kwa wembe, kwamba zile safu mbaya ndizo zilizokuwa shahidi wangu, kwamba sasa kesho nitampelekea daktari mfarishi uliokamilika kutoka juu mpaka chini na daktari atauliza, sasa mama, maendeleo yako wapi? Kitu kizuri mwanzo mpaka mwisho hakionyeshi chochote. Kinaonyesha mashine!

Véro akanywea. Mkate ukabaki mkononi. "Lakini dada," akasema kwa sauti ndogo, "ilikuwa mubaya."

"Ilikuwa yangu!"

Shubiri akakimbilia chini ya kabati. Véro akachukua mkoba wake akaondoka, kofia akaisahau. Na mimi nikakaa pale nimeukumbatia ule mfarishi kama mfiwa, nikalia, sioni haya kuwaambia. Nililia hasira. Kwa sababu wote walikuwa sawa, Patron na Véro. Mmoja ananitakia mabaya, mwingine ananitakia mema, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Nilipochoka kulia nikaugeuza, niuweke upande ule wa mpira juu, nisiione ile mishono mizuri. Ndipo nikaona. Kando ya mstari wa mashine ulionyooka kulikuwa na vitundu. Vidogo, vinapanda, vinashuka, kama njia ya sisimizi waliolewa. Mishono yangu imeondoka, njia yake imebaki. Bitana haisahau! Fundi mzima wa mapazia, kiti cha kwanza, amesahau alichokuwa anakifumua! Baadaye nilimuuliza, akaniambia alijua. "Lakini nani anaangalia nyuma?" akasema. Nyuma ndiko fundi anakoangaliwa, Véro, nilimwambia, na ninyi pia nawaambia.

Kesho yake nikapanda tramu mpaka kwa huyo daktari, kule Auderghem, mfarishi umekunjwa kwenye mfuko wa buluu. Patron naye alikuja, amevaa tai. Daktari alikuwa mtu mzima, miwani kwenye paji la uso, anasoma barua badala ya kunitazama mimi. Nikautandaza mezani kwake juu ya makaratasi yake. Akatazama mbele, akasema, "Mzuri. Umeshonwa kwa mashine?"

Patron akatabasamu. Lile tabasamu nalo nimelihifadhi.

Nikaugeuza. Nikatoa chaki ya fundi kwenye mkoba, ile bapa nyeupe, nikaanza kuisugua mgongoni mwa mfarishi, kwa mkono wa kulia, kutoka pembe moja mpaka nyingine, nakaza kwelikweli, halafu nikapangusa kwa kiganja. Unga wa chaki unaingia kwenye vitundu, unakaa. Na pale kwenye mpira wa kijivu ikatoka safu ya kwanza. Ikatoka ya pili. Zikatoka zote, na upotovu wao wote, na urefu wao, na kule nilikosimama kwa maumivu na kuanza tena. Kando yake, mstari wa Véro umenyooka kama mwongo.

"Hii ni wiki ya kwanza," nikasema. "Kushoto. Hii ni ya saba, kulia, hogo limetoka juzi. Hii ni ya kumi na tano. Hii ni wiki jana."

Daktari akashusha miwani puani. Akainama. "Na haya hapa?" Aliweka kidole kwenye kundi la vitundu pembeni.

"Hayo ni makucha ya paka."

Akacheka kidogo, halafu nikaona haangalii tena mfarishi. Anaangalia mkono wangu, bado nasugua. Sikuwa nimejijua. Nilikuwa nimeusugua mfarishi mzima, mita mbili kwa mita moja na nusu, nasukuma na kuvuta, na kifundo hakijalalamika. Akamgeukia Patron akasema, "Bwana, mkono gani ulioniandikia kwamba haurudi?"

Patron akakohoa akasema alikuwa ananionea huruma. Huruma! Afadhali angesema mahameli.

Nikarudi kazini, nusu siku mwanzoni, kisha siku nzima. Maboksi niliyatoa mwenyewe kwenye kiti changu, moja moja, kwa mkono wa kulia, na kila moja nililiweka chini kwa kishindo. Nikashona hapo mpaka siku ya kustaafu.

Mtasema basi, bibi, umeshinda, hasira ya nini? Ngojeni. Jumapili iliyofuata Véro alikuja kuchukua kofia yake. Alikuja na mkasi wake na rili ya uzi mwekundu. Akasema, "Dada, tufumue yangu, weye ushone tena ile yako, bile ilikuwa." Nikaona ana akili. Tukafumua safu zake kumi, tukakaa yeye upande huu na mimi upande ule, Kaimati katikati. Matundu yangu yalikuwa pale pale, yananingoja. Nikafunga mkono wa kulia kifuani kwa mtandio kama siku zile, nikashika sindano kwa kushoto, nikaanza safu ya kwanza kwa upande wa viraka, bila kufuata matundu, mkono wenyewe ukosee.

Ikanyooka.

Nikafumua, nikajaribu tena. Nikaangalia pembeni, nikaharakisha, nikajitahidi kukosea. Ikanyooka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshajifunza, na wa kulia umeshapona, na ule mkono uliokuwa unauma na kutetemeka na kukataa kushindwa haukuwepo tena mwilini mwangu. Nilishindwa kushona vibaya, wanangu. Véro ananitazama. Akasema, "Sasa unalilia ugonjwa?" Nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Akatoka. Dakika tano hazijapita amerudi, amesahau tena kofia, nikamkaribisha chai.

Safu kumi za mwanzo tumeziacha hivyo, hazina uzi. Pamba inavimba pale, mnaiona. Paka wanapenda kulala upande wa nyuma kwa sababu mpira unashika joto, na wakilala wanafuta chaki, Shubiri anakuwa na tumbo jeupe na Kaimati huwezi kujua. Wakishashuka naipaka upya. Miaka yote hii. Nashika chaki kwa mkono wa kulia, nasugua mpaka safu ya kwanza inatoka, mbaya vilevile, na hapo ndipo naweza kunywa chai yangu.

Haya, toeni vitambaa vyenu. Wewe, kile ulichokificha mfukoni ulipoona nakitazama, hicho hicho. Lete hapa, nina pini na ukuta.